Nakivale: Safari ya udaktari huamuliwa kidato cha tano, si siku ya mtihani

Kila Novemba, wakati mvua za pili za mwaka zinapokuwa zimewaita watu wa Nakivale mashambani, wanafunzi wa kidato cha sita kote Uganda huketi kufanya mtihani wa kumaliza sekondari ya juu, UACE. Kwa kijana anayetamani kusomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kinachojulikana kwa kifupi kama MUST, mtihani huo ndio unaoamua. Matokeo yake ndiyo mlango, na kwa wengi ndiyo kufuli.

Jamaa walioko ng'ambo, ambao aghalabu ndio wanaotuma ada, huuliza swali moja: mtihani wa udaktari ni lini? Swali hilo lina maana katika nchi wanazoishi. Australia na Uingereza, waombaji wengi wanaotoka sekondari hufanya mtihani wa UCAT, unaochukua takriban saa mbili mbele ya kompyuta. Marekani kuna MCAT, unaomaliza siku nzima. Huko mtu huweza kuitaja tarehe, akahesabu majuma yaliyobaki na kupanga ratiba yake.

Kwa mwanafunzi wa Nakivale, tarehe ya namna hiyo haipo. Mtihani wake ni miaka miwili ya sekondari ya juu, na sehemu kubwa ya hukumu hutolewa mapema kuliko familia zinavyodhani: siku anapochagua masomo, siku vyeti vyake vinapokubaliwa au kukataliwa, na siku inapojulikana nani atalima shamba wakati yeye yuko darasani. Ndiyo maana msaada mwingi, hata ukitolewa kwa moyo mweupe, hufika wakati maamuzi makubwa yamekwisha kupita.

Hesabu inayoamua

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale yako katika wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, karibu na mpaka wa Tanzania. Yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kuwapokea wakimbizi kutoka Rwanda, nayo ni miongoni mwa makazi makongwe zaidi ya wakimbizi barani Afrika. Leo wanaishi humo Wakongomani, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na Waeritrea, na Kiswahili kinasikika sokoni, makanisani na misikitini, hasa miongoni mwa waliotoka mashariki mwa Kongo.

Mbarara, mji uliopewa hadhi ya jiji mwaka 2020, ndio mji mkubwa wa karibu. Chuo Kikuu cha MUST kilianzishwa huko mwaka 1989, na udaktari ndio uliokuwa msingi wake tangu mwanzo. Wanafunzi wake hujifunzia katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbarara. Shahada ya udaktari huchukua miaka mitano, ikifuatiwa na mwaka mmoja wa mafunzo ya kazi hospitalini.

Njia ya kuingia hapo ni ya hesabu. Daraja A katika UACE hubeba pointi 6, B pointi 5, C pointi 4, na kuendelea kushuka. Lakini vyuo vikuu vya umma havihesabu masomo yote kwa uzito sawa. Kwa udaktari, biolojia na kemia ni masomo ya lazima, na pointi zake huzidishwa kwa 3. Somo la tatu, ambalo ni fizikia au hisabati, huzidishwa kwa 2. Masomo ya ziada, kama maarifa ya jumla, huongeza pointi chache tu.

Mwanafunzi aliyepata A katika biolojia, kemia na fizikia, na kufaulu masomo mawili ya ziada, hufikisha pointi 50, mbali na nyongeza ndogo itokanayo na matokeo ya kidato cha nne. Akiteleza hadi B katika kemia peke yake, anabaki na 47. Akipata C, anabaki na 44. Pointi tatu kwa daraja moja huonekana ndogo, lakini udaktari hugombewa na wanafunzi bora wa nchi nzima, na waombaji hutofautiana kwa sehemu za pointi. Wasichana huongezewa pointi 1.5 katika vyuo vya umma, utaratibu ulioanza Makerere mwaka 1990. Nyongeza hiyo ni nusu tu ya kile ambacho daraja moja la kemia huondoa.

Kutokana na hesabu hiyo, uamuzi wa kwanza hufanywa mlangoni mwa kidato cha tano. Aliyechagua historia, jiografia na uchumi kwa sababu shule iliyo karibu haina walimu wa sayansi wa kutosha amekwisha kuiacha njia ya udaktari, hata kama ana kipaji. Kiswahili chenyewe, ambacho vijana wengi wa Nakivale hukimudu kuliko wenzao wa Ankole, hakiwasaidii kitu katika jedwali hilo.

Saa za siku na msimu wa mvua

Biolojia, kemia na fizikia kila moja ina karatasi tatu katika UACE, kwa hiyo mtahiniwa wa masomo hayo hukabiliwa na karatasi tisa kabla ya kuhesabu masomo ya ziada. Katika kila somo, karatasi moja ni ya vitendo. Katika kemia mtahiniwa hupima kwa bureti na kutambua chumvi zisizojulikana. Katika biolojia hupasua panya, chura au mende na kuchora anachokiona. Stadi hizo hazikaririwi kitandani kwa mwanga wa simu. Mkono huzizoea kwa kurudia, na kurudia huhitaji maabara, kemikali na mwalimu aliye na nafasi.

Hapo ndipo majukumu mengine yanapoingia. Sera ya Uganda huwapa wakimbizi kiwanja cha kujenga na kulima badala ya kuwafungia kambini, nayo imesifiwa duniani kwa kuwaachia watu heshima yao. Lakini kujitegemea maana yake ni kazi, na kazi hiyo hugawanywa kwa kila mwenye mikono. Mvua za pili za mwaka huanza takriban Septemba na kuendelea hadi Novemba au Desemba. Huo ndio muhula wa mwisho wa kidato cha sita. Kwa maneno mengine, msimu ambao nyumba inamhitaji kijana shambani ndio msimu ambao kemia inamtaka mezani.

Muda wenyewe ni mfupi kuliko unavyotajwa. Wanafunzi wa kidato cha tano huanza masomo baada ya wenzao wa madarasa mengine, kwa kuwa hungoja kwanza matokeo ya kidato cha nne na kupangiwa shule. Kisha mwaka wa mwisho hukatwa na mitihani ya majaribio na mtihani wenyewe. Miaka miwili ya kwenye karatasi hubaki mihula michache ya kufundishwa kwa kweli. Anayeanza kwa kuchelewa mwezi mmoja kwa kukosa ada hana pa kuufidia mwezi huo.

Mzigo umeongezeka kadiri misaada ilivyopungua. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilianza mwaka 2023 kuzigawa familia za wakimbizi nchini Uganda kwa kiwango cha uhitaji, baadhi zikiondolewa kabisa kwenye orodha. Mwezi Mei 2025 shirika hilo lilitangaza kwamba watu milioni moja wamesitishiwa msaada wa chakula kwa sababu ya upungufu wa fedha. Uganda inahifadhi wakimbizi wanaokaribia milioni mbili, wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika. Pengo la chakula linapofunguka katika nyumba, mara nyingi huzibwa kwa kibarua cha kijana mkubwa au kwa mikono ya binti anayebaki na wadogo zake wakati mama ametoka kutafuta riziki.

Hii ndiyo sababu nasaha za kawaida kuhusu kupanga ratiba hazitoshi. Mwanafunzi anaweza kuambiwa aamke alfajiri, na wengi huamka. Anaweza kuambiwa afanye mitihani ya miaka iliyopita, na wengi huiazima kwa zamu, huku wakinakili kwa mkono. Lakini ratiba hugawa muda ambao mtu anao. Ambaye saa zake zimekwisha kugawanywa na jembe, kisima na soko hana mengi ya kupanga, isipokuwa watu wanaomzunguka wakubali kumwachia baadhi ya saa hizo.

Vyeti vilivyovuka mpaka

Kundi jingine hukutana na kizuizi kabla hata ya kuufikiria mtihani. Hawa ni vijana waliomaliza sekondari Kongo au Burundi, wengine wakiwa tayari wamefika chuo kikuu. Baada ya waasi wa M23 kuiteka Goma mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu mwezi Februari, wakimbizi wapya waliingia Uganda kwa maelfu, na miongoni mwao walikuwamo wanafunzi walioacha masomo njiani.

Mkongomani aliyesoma biolojia na kemia katika sekondari na kufaulu mtihani wa taifa ana Diploma ya Serikali yenye asilimia. Uganda haisomi asilimia hizo moja kwa moja. Baraza la Mitihani la Taifa la Uganda, UNEB, ndilo linalolinganisha vyeti vya sekondari kutoka nje na viwango vya nchi, huku masomo ya juu zaidi yakiwa chini ya Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Cheti cha Kifaransa huhitaji tafsiri, ada ya kulinganisha na nakala halisi. Aliyekimbia usiku hakubeba kabati. Wapo waliokuja na picha ya cheti kwenye simu, na wapo waliokuja na ushahidi wa jamaa tu.

Hata cheti kikikubaliwa, lugha hubaki. Kijana aliyejifunza muundo wa chembe hai kwa Kifaransa anaujua vizuri, lakini lazima aueleze kwa Kiingereza, kwa kasi ya darasa la Uganda. Wengine huamua kurudi nyuma, wakaingia kidato cha tano au hata cha tatu pamoja na watoto waliowazidi miaka kadhaa. Ni uamuzi wa busara kwa anayetaka pointi za UACE, lakini una gharama. Anayerudi darasani akiwa na miaka 22 huenda tayari ana mke au mume na watoto, na baadhi ya ufadhili una kikomo cha umri. Kila mwaka unaotumika kuitafuta nakala ya cheti ni mwaka unaotolewa katika hesabu hiyo.

Sheria na mlango ulioachwa nusu wazi

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 ni miongoni mwa zile zenye ukarimu mkubwa katika ukanda huu. Inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na kutembea nchini. Kuhusu elimu, hata hivyo, inatofautisha ngazi. Katika elimu ya msingi, mkimbizi anapaswa kutendewa sawa na raia. Katika elimu ya juu zaidi ya hapo, pamoja na utambuzi wa vyeti na nafuu ya ada, sheria inamhakikishia angalau kiwango kile kile wanachopata wageni wengine walio katika hali kama yake.

Tofauti hiyo ya maneno machache huonekana waziwazi mtu anapofika chuo kikuu. Serikali ya Uganda hugharimia takriban wanafunzi 4,000 wapya kila mwaka katika vyuo vya umma, wengi kwa ushindani wa kitaifa na wengine kwa mgawo wa wilaya. Nafasi hizo ni za raia. Mikopo ya wanafunzi, iliyowekewa sheria mwaka 2014, nayo ni ya raia. Katiba ya mwaka 1995 haimpi mtoto wa wakimbizi uraia kwa sababu tu ya kuzaliwa nchini. Kwa hiyo kijana aliyezaliwa Isingiro, akasomea Isingiro na kufaulu kuliko wenzake wote wa Isingiro, hana wilaya kwa maana ya mgawo huo.

Upande wa pili wa hoja unastahili kusikilizwa. Uganda haina nafasi za kutosha kwa watoto wa raia wake. Mwana wa mkulima wa Kinyankole anayeishi nje kidogo ya mipaka ya Nakivale huenda naye hajawahi kuigusa bureti, na mzazi wake hulipa kodi. Nchi inayopokea wakimbizi wengi kiasi hiki, huku wafadhili wakipunguza ahadi zao, haiwezi kulaumiwa kirahisi kwa kutanguliza raia. Tatizo si kwamba Uganda imewanyima wakimbizi kitu ilichonacho tele. Tatizo ni kwamba pengo liliachwa lizibwe na ufadhili wa nje, na ufadhili huo ni haba.

Unaojulikana zaidi ni DAFI, mpango unaodhaminiwa kwa sehemu kubwa na Ujerumani na kusimamiwa na UNHCR tangu mwaka 1992. UNHCR imejiwekea lengo kwamba ifikapo 2030, asilimia 15 ya vijana wakimbizi duniani wawe katika elimu ya juu. Miaka michache iliyopita kiwango kilikuwa asilimia 1, na ripoti ya UNHCR ya mwaka 2024 ilitaja takriban 7. Ni maendeleo, lakini shahada ya udaktari ni ndefu na ghali kuliko nyingi, na fedha zile zile zingeweza kuwasomesha wanafunzi zaidi katika fani fupi. Kila mfadhili hulazimika kupima hilo.

Kwa nini hospitali inawahitaji

Hoja ya kumsaidia mwanafunzi wa Nakivale haipaswi kusimama juu ya huruma pekee. Mgonjwa kutoka makazi hayo ambaye hali yake imezidi uwezo wa vituo vya afya vya karibu hupewa rufaa, na wengi huishia Mbarara. Wahudumu wengi wa eneo hilo huzungumza Kinyankole na Kiingereza. Mama wa Kivu anayejua Kiswahili na Kishi humtegemea mtoto au jirani amtafsirie. Mambo ya uzazi, ya ukatili wa kingono au ya huzuni ya moyo hayapiti vizuri mdomoni mwa mtoto wa miaka kumi. Daktari anayemwelewa mgonjwa bila mkalimani hupunguza makosa, na gharama ya makosa hulipwa na hospitali ileile inayowahudumia raia.

Historia ya ukanda huu inajua faida ya kuvuka mpaka kwa ajili ya elimu hiyo. Daktari Denis Mukwege, mzaliwa wa Bukavu aliyepata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2018, alisomea udaktari Burundi kabla ya kurudi Kongo kuwahudumia wanawake. Nafasi moja katika chuo cha nchi jirani ilikuja kuwa hospitali ya watu wengi.

Msaada unaofika kwa wakati

Ikiwa uzito wa hukumu uko mwanzoni, msaada nao unapaswa kuhamia huko. Kwa jamaa walio ng'ambo, ada ya muhula wa kwanza wa kidato cha tano, ikifika kabla shule hazijafunguliwa, ina thamani kuliko kiasi kikubwa zaidi kinachotumwa Oktoba ya mwaka wa mwisho. Pesa ya kulipa kibarua mmoja wa kupalilia msimu wa Septemba huweza kumnunulia mtahiniwa majuma ya kusoma. Pia ni busara kukiuliza chuo mapema, na kwa maandishi, kama mkimbizi kutoka Kongo, nchi iliyojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, atatozwa ada ya raia wa Jumuiya au ya mgeni. Jibu la swali hilo laweza kubadili hesabu yote.

Kwa mashirika na wakuu wa shule, haja iliyo wazi ni maabara na bweni. Likizo moja ya mazoezi ya vitendo, ikiwajumuisha watoto wa makazi na wa vijiji vya wenyeji, ingegusa somo ambalo pointi zake huzidishwa kwa tatu. Kwa waliokuja na vyeti vya kigeni, dawati moja la tafsiri na la kufuatilia ulinganisho lingeokoa miaka.

Wazazi nao wana uamuzi wao. Kumwondolea msichana wa kidato cha sita zamu ya maji na ya jikoni hakuhitaji mfadhili yeyote, na huenda kukamsaidia kuliko nyongeza ya pointi 1.5.

Na kwa ambaye pointi hazikutosha, njia haijafungika. Diploma ya afisa tabibu au ya uuguzi humwezesha mtu kuhudumia wagonjwa ndani ya miaka michache, na vyuo vikuu hutenga nafasi kadhaa za shahada ya udaktari kwa wenye diploma waliofanya vizuri. Ni njia ndefu zaidi, na ushindani wake ni mkali, lakini humruhusu mtu kufanya kazi na kulisha nyumba huku akiendelea kulitafuta lengo lake.

Waswahili husema samaki mkunje angali mbichi. Katika shule za Isingiro, msemo huo una tarehe yake: ni majuma yale machache kati ya matokeo ya kidato cha nne na siku ya kwanza ya kidato cha tano, wakati masomo yanapochaguliwa, ada inapotafutwa, na familia inapoamua nani atashika jembe. Anayetaka kumwona mtoto wa Nakivale katika wodi za Mbarara akiwa daktari, na si mkalimani wa mama yake, huo ndio wakati wake wa kupiga simu.